Ukwaju, Nazi na Chupa ya Mvinyo Mweupe

Mvinyo mweupe wenye harufu, ule ambao ukifunguliwa watu wa meza ya pili hugeuka kutazama, umepewa sifa mbaya katika vitongoji vya Dar es Salaam. Nimesikia madai juu yake kwenye grosari za Tegeta na Bunju, Mbagala Rangi Tatu, Mtoni Kijichi, na kutoka kwa wauzaji ambao chupa hizo ziko nyuma yao rafuni. Mengi yamekuja kutoka meza za nchi za baridi, yakarudiwa hapa bila mtu kuyaonja pamoja na chakula cha hapa. Ninayajibu moja moja kwa sababu naamini yanawanyima watu kitu kizuri, na yanamnyima mkulima wa Dodoma mnywaji aliye jirani yake.

Ninaandika kwa wanaokunywa. Temeke na Kinondoni zina majirani wengi ambao dini yao imewakataza pombe, na kwao sina neno ila heshima. Sahani nitakazozitaja ni zao pia, na wengi wao huzipika kuliko mtu mwingine yeyote.

"Harufu hutoka kwenye volkano, na sisi hatuna mvinyo wa volkano"

Wanaosema hivi huwa wamesikia habari za Pantelleria, na habari zenyewe ni za kweli. Pantelleria ni kisiwa cha Italia kilichozaliwa na volkano. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 83 hivi na kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily. Upepo wa huko haupumziki. Wakulima huchimba shimo la kina kifupi, hupanda mzabibu ndani yake na kuukata ubaki kichaka kinacholala karibu na ardhi, ili upepo upite juu na unyevu ubaki chini. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Zabibu ya kisiwa inaitwa Zibibbo, na mvinyo wake mweupe unanukia maua ya mchungwa, mawaridi na asali. Sehemu ya mavuno huanikwa juani kwa wiki kadhaa hadi zabibu zinasinyaa, kisha hutiwa kwenye juisi ya zabibu inayochacha, na hapo hupatikana Passito, mvinyo mtamu wa rangi ya kaharabu.

Yote hayo nayakubali. Kinachokosewa ni sababu ya harufu.

Zibibbo ni zabibu ile ile inayojulikana duniani kama Muscat ya Alexandria. Afrika Kusini wanaiita Hanepoot, na katika mabonde ya Rasi Magharibi inastawi kwenye ardhi isiyo na majivu ya volkano hata kidogo. Ikikamuliwa, inanukia maua vile vile. Harufu imo kwenye tunda lenyewe, hasa kwenye ganda. Mzabibu huu hujitengenezea mafuta mepesi ya harufu, yakiwemo linaloli na geranioli. Linaloli ndiyo inayotawala harufu ya mbegu za giligilani, na geranioli imo kwenye mawaridi. Mizizi haifyonzi ladha ya jiwe. Hufyonza maji na madini yaliyoyeyuka ndani yake, kwa kiasi kidogo ambacho ulimi wa binadamu hauwezi kukitambua kwenye glasi. Alex Maltman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth kule Wales, alitoa kitabu kizima juu ya mashamba ya mizabibu, miamba na udongo mwaka 2018, na mojawapo ya kazi zake kubwa ni kuwatoa watu kwenye imani hii.

Lakini hatuhitaji kwenda Wales. Kisiwa cha Ngazidja, Komoro, chini ya mlima Karthala ambao bado ni volkano hai, kinalima mlangilangi. Mlangilangi huo huo unamea Unguja na Pemba, visiwa ambavyo havina volkano, na anayesuka kikuba Zanzibar hajawahi kulalamika kwamba ua lake halinukii. Ua hubeba harufu ya ukoo wake popote lilipopandwa, na zabibu hali kadhalika.

Tazama pia ardhi yetu wenyewe. Tanzania ina volkano za kutosha: Kilimanjaro, Meru, Rungwe, na Ol Doinyo Lengai ambayo hadi leo inatapika. Kama majivu yangekuwa ndiyo yanayozaa mvinyo wenye harufu, mizabibu ingejaa Marangu na Tukuyu. Huko kuna migomba, kahawa na chai, kwa sababu mvua ni nyingi, na mzabibu kwenye mvua nyingi huliwa na ukungu kabla zabibu hazijaiva. Zabibu zetu ziko Dodoma, juu ya mwamba wa zamani wa graniti, kwenye udongo wa kichanga na mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka.

Kinachofanywa na majivu ya volkano ni kazi nyingine, na ni kazi kubwa. Kule Lanzarote, katika visiwa vya Canary, milipuko ya mwaka 1730 hadi 1736 ilifunika mashamba kwa changarawe nyeusi. Watu wakagundua kwamba changarawe hiyo inazuia unyevu usipotee, wakachimba mashimo hadi kwenye udongo wa zamani na kupanda mizabibu ndani yake. Huko mvua ni haba mno, na bila tabaka lile jeusi mzabibu usingeishi. Volkano iliwasaidia kutunza maji. Harufu waliikuta kwenye Malvasia, zabibu yao.

Na kama mtu anataka kisiwa cha volkano kilicho Afrika, atazame Fogo, Cabo Verde. Huko mizabibu imepandwa ndani ya bakuli la volkano, Chã das Caldeiras, na mvinyo wake mweupe hutoka kwenye Moscatel, ndugu wa ukoo ule ule. Tarehe 23 Novemba 2014 mlima ulilipuka, na kufikia Februari 2015 lava ilikuwa imevimeza vijiji vya Portela na Bangaeira pamoja na jengo la ushirika wa mvinyo. Watu walirudi wakajenga na kupanda tena juu ya lava. Habari ya Fogo hainukii jiwe kwangu. Inanukia watu wasiokubali kuachana na shamba, na huo ni utajiri ambao wakulima wa Hombolo na Bihawana, kule Dodoma, wanao pia.

"Dodoma kuna joto, na karibu na ikweta zabibu nzuri haziwezekani"

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari. Mchana jua ni kali, usiku kunapoa, na hewa ni kavu kiasi kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka ukungu haupati nafasi. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu huko katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mvinyo wa misa, na kilichoanzia kanisani kikahamia mashambani kwa watu.

Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa majira ya baridi. Wa Dodoma haulali. Mkulima huupogoa, na mkasi wake ndio unaouamsha, hivyo kuna mavuno mawili: moja karibu na Machi, jingine karibu na Agosti na Septemba. Ni faida na ni mzigo. Mti unaofanya kazi mwaka mzima unachoka mapema, unataka mbolea na mikono zaidi, na mavuno ya kwanza yanaangukia kwenye mvua.

Dai la joto lina punje ya ukweli. Zabibu inayoivia kwenye joto hupoteza uchachu haraka, na mvinyo mweupe usio na uchachu ni maji matamu yenye kilevi. Ndiyo maana zabibu nyeupe inayolimwa zaidi Dodoma ni Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini sifa yake kubwa ni kushikilia uchachu hata kwenye jua, na ni kwa sifa hiyo Afrika Kusini imeipanda kuliko zabibu nyingine yoyote nyeupe. Sitasema Chenin ya Dodoma inanukia kama Zibibbo. Hainukii hivyo. Harufu yake ni ya chini zaidi: pera, limau, nanasi bichi, wakati mwingine asali. Mezani, hata hivyo, zinatenda jambo linalofanana, na meza ndiyo inayonihusu hapa.

Ninapoonja Chenin mbaya ya Dodoma, na zipo, mara nyingi kosa limetokea baada ya chupa kuondoka kiwandani. Nitalirudia hilo kwenye suala la joto la Dar.

"Harufu zenyewe hatuzijui, hizo ni pua za Wazungu"

Hili ndilo dai linaloniudhi kuliko yote, na halihitaji maneno mengi. Pwani hii ina watu wanaofukiza udi nguo, wanaotofautisha asumini ya asubuhi na ya jioni, wanaochagua rehani gani iingie kwenye kikuba na ipi iende mchuzini. Mama wa Tandika anainusa hiliki kwenye fungu sokoni na kuikataa kwa sababu ni ya mwaka jana. Mtu wa namna hiyo haambiwi kwamba hana pua.

Tatizo ni orodha tunayopewa. Nyuma ya chupa pameandikwa matunda ambayo mtu wa Yombo hajawahi kuyashika, kisha anadhani hisia zake zimekosea. Aache orodha hiyo. Muscat ikimnukia mchaichai, maua ya mlimao, stafeli au embe dodo, basi amenusa sawasawa, kwa maana baadhi ya viini vya harufu ni vile vile.

"Pilipili na ukwaju vinaua mvinyo"

Dai hili linagusa jambo la kweli kisha linaishia njiani. Pombe yenyewe huzidisha moto wa pilipili. Neva za mdomoni zinazohisi kuungua huamka kwenye joto la nyuzi 42 hivi. Pombe huzishusha hadi zinaamka kwenye nyuzi 34 hivi, yaani chini ya joto la mwili wenyewe. Ongeza juu yake ukakasi wa mvinyo mwekundu mzito, ule unaokausha ulimi, na pweza wa pilipili wa jioni anageuka adhabu. Aliyepitia hayo anaapa kwamba mvinyo na pilipili ni maadui.

Amegombana na pombe nyingi na ukakasi. Mvinyo mweupe wenye harufu, wa kilevi cha chini na sukari kidogo iliyobaki, unaenda upande mwingine kabisa. Sukari hupoza pilipili, uchachu huuosha mdomo, ubaridi hutuliza, na harufu ya tunda husikika hata pale ulimi ulipokwisha kuwaka. Kwa pweza aliyekatwakatwa na kuchovywa kwenye pilipili ya ndimu, sijui kinywaji chenye kilevi kinachomtendea haki zaidi ya huu.

Ukwaju ni habari nzuri zaidi. Uchachu wa matunda mengi hutokana na asidi ya sitriki, kama ndimu, au ya maliki, kama tufaa. Ukwaju ni mmoja wa wachache ambao asidi yao kuu ni ya tatariki, na asidi hiyo hiyo ndiyo uti wa mgongo wa zabibu. Mihogo ya kukaanga yenye chachandu ya ukwaju na mvinyo mweupe mchachu ni jamaa kwa damu. Kanuni ya kushika ni moja: mvinyo uwe mchachu angalau sawa na chakula. Chakula kikiuzidi, mvinyo hupooza na kuonekana kama umetiwa maji. Ndiyo sababu nyingine mvinyo laini usio na uchachu hushindwa hapa Pwani. Mbilimbi, embe bichi la chumvi na pilipili, achari ya ndimu, kachumbari: meza yetu ni chachu kuliko meza za huko mvinyo unakotoka, na inadai mvinyo wenye meno.

Kisha kuna nazi. Chukua samaki wa kupaka, changu au kolekole aliyebanikwa kwenye mkaa, akapakwa tui zito lenye tangawizi, kitunguu saumu, bizari na ndimu, akarudishwa motoni hadi tui likaanza kushika rangi. Kuna mafuta, moshi, uchachu na utamu wa nazi katika tonge moja. Mafuta ya tui hufunika ulimi, na tonge la tatu halisikiki kama la kwanza. Funda la Chenin baridi linaufunua ulimi, na tonge la nne linakuwa jipya. Ukiwa na mvinyo mkavu wa Muscat, usio na sukari, utasikia maua yake yakipanda juu ya nazi. Kwangu huu ndio mwoano bora kuliko yote katika orodha hii, na ningemshauri mtu aanze hapa kabla ya kunibishia mahali pengine.

Na kama bado mtu anasema vyakula vya Pwani na kinywaji cheupe chenye uchachu havijawahi kukutana, aende kwenye vilabu vya mnazi vya Kigamboni na Mbagala. Tembo la mnazi lililogemwa siku hiyo ni jeupe, lina utamu kiasi, lina uchachu kiasi, kilevi chake ni cha chini, na wanaolinywa hulinywa kwa dagaa wa kukaanga na mihogo. Vizazi vya wagema na wateja wao walikwishafanya jaribio hili. Mvinyo mweupe unakuja kukaa kwenye kiti ambacho tayari kilikuwapo.

"Mweupe ni wa samaki, nyama inataka mwekundu"

Nusu ya kwanza ina sababu nzuri. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi kwenye mvinyo mwekundu, ndiyo yanayoamsha shombo ya vyakula vya baharini mdomoni. Mtu wa Kunduchi anayenunua samaki ufukweni boti zikirudi asiuharibu upya wake kwa shombo ya kutengenezwa. Dagaa mchele wakavu wa kukaanga, wenye chumvi, ndio wanaoonyesha hili upesi zaidi: mwekundu huwafanya wanuke, mweupe huwafanya watamu.

Nusu ya pili haisimami. Nyama gani? Mchuzi gani? Kitimoto, yaani nguruwe, kwa wanaoila, ni nyama yenye mafuta, na huletwa na ndizi za kukaanga, kachumbari, ndimu na pilipili pembeni. Kila kitu kwenye sinia hilo kinaomba uchachu na utamu kidogo. Walioizoea kwa bia wanajua kwamba wanachotafuta ni kitu baridi cha kukata mafuta. Mvinyo mweupe unakata vizuri zaidi na hauwajazi tumbo kabla nusu kilo haijaisha. Ikija kavu, iliyokaangwa hadi kingo zikawa ngumu, chagua mvinyo usio na sukari. Ikija rosti, yenye nyanya na hoho, chagua wenye utamu kiasi, maana nyanya iliyopikwa ina sukari yake.

Kuku wa kienyeji wa nazi, wali wa nazi na kisamvu, hata pilau: vyote naviweka upande wa mweupe. Pilau inahitaji maelezo, kwa kuwa wengi huitia mwekundu kwa sababu ya nyama. Nyama ndani ya pilau ni mgeni wa viungo. Hiliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba ndizo zinazoongoza, na mvinyo wenye harufu unazungumza nazo, wakati mwekundu wenye ukakasi unagombana na karafuu na kuiacha ikiwa chungu.

Pale wanaonipinga wako sahihi, nawaachia. Nyama choma ya ng'ombe au mbuzi iliyoungua kingo inataka mwekundu, na Dodoma inayo zabibu yake, Makutupora, inayoweza kazi hiyo. Supu ya makongoro haitaki mvinyo wowote. Ndizi nyama nzito za Kichaga nimeshindwa kuzioanisha na mweupe, na sioni sababu ya kulazimisha.

"Mvinyo mtamu ni wa akina mama na wasiojua kunywa"

Kule Constantia, karibu na Cape Town, karne ya 18 na ya 19 walitengeneza mvinyo mtamu wa Muscat uliotafutwa na wafalme wa Ulaya, na Napoleon akiwa kifungoni St. Helena alikuwa akipelekewa. Passito ya Pantelleria ni tamu, na ni moja ya mivinyo inayoheshimiwa zaidi Italia. Kuuita utamu ujinga ni kutojua historia ya mvinyo, ukiwemo wa bara letu.

Dai hili pia linawadharau wanawake. Kwenye send-off na kitchen party za Dar, akina mama wanaoagiza mvinyo mtamu na kuunywa na sambusa na kuku wa pilipili wanafanya chaguo ambalo nimekwisha kulieleza kwa sababu za ulimi. Wanaume wa meza ya pili, wenye chupa nyekundu kavu iliyonunuliwa kwa heshima, ndio wanaohangaika na pilipili.

Kipimo cha mvinyo mtamu ni uchachu ulio nyuma ya sukari. Ukimeza na mdomo ukabaki mzito, mvinyo haukusawazishwa. Ukimeza na mate yakaja, umepata kitu. Kwa vitafunio vitamu, kanuni ni kwamba mvinyo usizidiwe utamu na chakula. Kashata za nazi, visheti na halua ya Zanzibar yenye hiliki huufanya mvinyo mkavu uwe siki. Vitafunio hivyo vinahitaji Passito, au Hanepoot tamu ya Afrika Kusini, iliyo karibu nasi zaidi. Halua na Muscat tamu vina zafarani, asali na maua kwa pamoja, na kidogo tu kinatosha, vidole viwili vya glasi.

"Mweupe umejaa kemikali, unaumiza kichwa"

Salfa dioksidi hutiwa kwenye mvinyo ili usiharibike, na ni kweli mweupe kwa kawaida huhitaji zaidi kuliko mwekundu. Sheria za Ulaya huruhusu hadi miligramu 200 kwa lita ya mvinyo mweupe usio na sukari; kwa zabibu kavu, hizo tunazotia kwenye pilau, huruhusu hadi miligramu 2,000 kwa kilo. Anayekula zabibu kavu bila kuumwa kichwa asiisingizie salfa. Mwenye pumu awe mwangalifu, kwani baadhi yao hudhurika kweli. Kwa wengine, kichwa kinatokana na pombe yenyewe, na Dar mtu anakunywa akiwa amekwisha kutoka jasho la siku nzima. Maji, glasi kwa glasi, yanamaliza sehemu kubwa ya tatizo hili.

"Utie barafu, au unywe wa moto, yote sawa"

Mhudumu wa baa akiuliza "ya moto au ya baridi?" anauliza kuhusu bia, na kwenye bia kila mtu ana haki yake. Mvinyo wenye harufu hauna nafasi hiyo. Ukiwa na joto la chumba la Dar mwezi Februari, nyuzi 30 na kitu, pombe yake hupanda puani na kufunika kila kitu. Ukitoka kwenye friza ukiwa umekaribia kuganda, harufu hulala na unabaki na uchachu mtupu. Mahali pake ni kati ya nyuzi 8 na 12. Kwa vitendo: utoe kwenye friji, ufungue, usubiri dakika chache tu, maana hewa yetu huupasha haraka kuliko vitabu vinavyosema.

Wasio na friji, au waliokatikiwa umeme, wana deli. Tia barafu, kisha maji, kisha konzi ya chumvi, zamisha chupa hadi shingoni. Maji yenye barafu hugusa chupa kila upande na huipoza haraka kuliko barafu tupu. Barafu ndani ya glasi siipendi kwa sababu inayeyuka na kuugeuza mvinyo kuwa maji matamu kabla hujamaliza mazungumzo.

Na hapa ndipo Chenin ya Dodoma inapouawa. Inasafiri kilomita 450 hivi hadi Dar, kisha inasimamishwa kwenye rafu inayotazama barabara, jua la saa kumi likiipiga kwa miezi. Mvinyo mweupe wenye harufu kwa kawaida hautunzwi kwa miaka, hata Ulaya kwenye vyumba vya chini vya baridi. Hunywewa ukiwa mchanga, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwenye joto na mwanga huzeeka kwa wiki. Mteja anafungua, anakuta rangi imekwenda kahawia na harufu ni ya tufaa lililooza, na anahukumu Dodoma nzima. Nunua kutoka duka ambalo huuza haraka. Chukua chupa ya nyuma, iliyo kivulini. Tazama rangi kabla ya kulipa: iwe ya majani makavu mepesi, isiwe ya chai. Mwenye duka anayesoma haya anaweza kuhamishia chupa zake rafu ya chini, mbali na mlango, leo, bila kutumia shilingi.

"Hicho ni kinywaji cha Masaki"

Masaki ni mtaa wa wenye pesa, lakini chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Imegawanywa kwa watu watano juu ya sinia moja la samaki, gharama ya kila mmoja inakaribiana na ya bia kuliko watu wanavyodhani, na Serikali imeusaidia mvinyo wa ndani kwa kuutoza ushuru wa bidhaa mdogo zaidi pale zabibu za nchini zinapozidi asilimia 75. Glasi ya mguu mrefu si lazima. Bilauri nyembamba ya kioo, isiyojazwa zaidi ya nusu ili harufu ipate pa kukusanyika, inatosha. Kikombe cha plastiki ndicho kisichofaa, kwa kuwa huwa na harufu yake.

Masaki wana mikahawa ya samaki wa kuagizwa na michuzi ya siagi. Changu wa siku hiyo, nazi iliyokunwa kwa mbuzi asubuhi, ukwaju wa Tandika na pilipili iliyotwangwa dakika ile viko huku, kwenye majiko ya mkaa ya Kunduchi na Mbagala. Mwenye vitu hivyo ameshamaliza sehemu ngumu ya kazi. Mavuno ya Agosti yakiiva, wakulima wa Dodoma huhangaika na zabibu ambazo wanunuzi wa viwandani hawazimalizi, na nyingine huozea shambani. Mtu wa Temeke anayeweka Chenin yao ndani ya deli pamoja na samaki wa Jumamosi anapunguza hasara hiyo kwa njia ya kawaida kabisa, ya kununua kitu kwa sababu kinaendana na chakula chake.